Uma Hauharibiki

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi, Chiriku wako, nakuandikia nikiwa kwenye benchi lile lile la karakana ulilokuwa ukinifukuza nisilikalie. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limetulia. Je, ile dawa ya kupaka inasaidia, au bado unaipaka ili kumridhisha Mama Mkubwa tu? Na yeye mwenyewe hajambo? Mwambie nimesikia redio yake imekufa, nampa pole nyingi, ingawa majirani zake nadhani wanastahili hongera. Sisi huku ni wazima wa kula na kutembea. Yaliyobaki nitayaeleza.

Usishangae kupata barua zama hizi. Nimefikiri nikaona simu haitufai. Kila nikikupigia na kugusa habari za Baba, mtandao wa huko kwenu hukatika, na ni mtandao wa ajabu kweli, maana unajua kuchagua pa kukatikia. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuitupa, lakini nakujua, Mama, utaiokota tena uone nilipokosea koma.

Nianze na karakana, kwa kuwa hiyo ndiyo habari nyepesi. Kioo cha dirisha la mbele bado kina ufa, na karatasi ya gundi uliyoibandika bado inaushikilia. Kazi imepungua sana. Ile shule iliyokuwa ikituletea klarineti kila likizo imefunga bendi yake, na chumba cha ala wamekigeuza stoo ya viti vibovu. Wanaokuja siku hizi ni wajane wanaosafisha makabati, wakiwa na filimbi ya marehemu kwenye mfuko wa plastiki. Hawataki itengenezwe. Wanataka kujua kama ina thamani, na nikiwaambia ukweli wananitazama kama mimi ndiye niliyeiharibu. Bado nabadilisha pedi za kuzibia matundu, nakata koki za maungio, nanyoosha funguo zilizopinda, lakini kuna siku naifungua karakana asubuhi na kuifunga jioni bila kugusa chochote zaidi ya ufagio.

Kule nyuma, jirani yetu fundi wa bodi za magari bado anagonga mabati yake. Unakumbuka jinsi Baba alivyokuwa akitoka mbio na miwani mkononi kwenda kumgombeza kila tulipokuwa na mazoezi? Basi mwaka jana fundi huyo alinisimamisha getini, akashusha sauti, akaniuliza msiba wa Mzee ulikuwa lini na mbona hatukumwambia. Nikamuuliza msiba upi. Akasema amegonga nyundo miezi mizima na Mzee hajaja kumtukana hata mara moja, akajua amefariki. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaingia ndani, nikamkuta Baba anachonga tete la obo, kile kijiti cha kupulizia, nyundo inalia nyuma ya kichwa chake, na yeye hajui. Hapo kicheko kikaniisha.

Najua hupendi nikumbushe siku ile, lakini nikiiruka hakuna nitakaloeleza likaeleweka, kwa hiyo vumilia. Ilikuwa mkesha wa Krismasi ya mwaka juzi, mchana, tuko chumba cha nyuma tunapitia kwa mara ya mwisho ule wimbo wa kale wa kumbembeleza Mtoto horini. Wenzetu wa bendi walikuwepo, Posta na filimbi yake, Nesi na obo, mimi na klarineti, wewe na basuni, besi yetu. Baba alikaa mbele yetu, kafumba macho kama anavyosikiliza siku zote. Akatusimamisha, akasema basuni iko chini ya noti yake. Ukapandisha. Tukaanza tena, akatusimamisha pale pale, akasema bado iko chini. Nesi akamwambia kwamba yeye anaisikia iko sawa kabisa. Baba akamjibu aende akachome sindano, mambo ya sauti awaachie wenye masikio. Kisha akakugeukia, mbele ya watu uliokuwa umetoka kuwapa chai, akasema masikio yako yamezeeka, na kwamba kama una aibu ungewapisha wengine.

Uliitenganisha basuni kipande kwa kipande, ukamwaga maji, ukapitisha kitambaa ndani, ukailaza kwenye sanduku lake na kufunga vibanio vyote bila haraka. Posta alikuwa bado ameshika filimbi mdomoni kwa kuchanganyikiwa, maskini, mtu mzima aliyegawa barua maisha yake yote na hakuwahi kuona mlango unafungwa polepole namna ile. Jioni ile ulikuwa umeshafika kwa Mama Mkubwa. Krismasi tulipiga bila besi, na kila aliyesikiliza alituambia kuna kitu kimepungua.

Sasa sikiliza hili, kwa kuwa hili ndilo nililokuwa nikijaribu kukuambia kila mtandao wenu ulipokatika. Miezi kadhaa baada ya wewe kuondoka, Baba alikuja kwenye benchi langu akiwa na ule uma wake wa chuma wa kupimia sauti, unaotoa noti ile ile moja kila ukigongwa, ule aliorithi kwa mwalimu wake, ambao hata wewe hakuruhusu uuguse. Aliuweka mbele yangu kama mteja. Akasema umeharibika, niuangalie. Nikadhani anatania. Akaugonga kwenye goti, akausogeza sikio la kulia, akausogeza la kushoto, akaniambia kwamba huku unatoa noti moja na huku unatoa nyingine ya chini zaidi, bila shaka nilikuwa nimeuangusha wakati wa kufagia.

Mama, uma hauharibiki. Ni chuma tupu, hauna ufunguo wala pedi wala skrubu, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo nilipokuwa mdogo. Niliugonga, nikausikiliza kwa masikio yote mawili, ulikuwa mzima kama siku ulipotengenezwa. Niliuweka benchini nikamtazama. Nadhani aliliona jibu usoni kwangu, kwa kuwa aliuchukua uma wake, akaketi juu ya kreti la matete, akaanza kuugonga upya. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Alifanya hivyo muda mrefu. Mwisho akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo siku hizi hana tena, kwamba je, mama yako siku ile alikuwa chini? Nikamwambia hapana. Akauliza hata kidogo? Nikamwambia hata kidogo.

Kwa hiyo siku ile hukuwa chini, Mama. Ulikuwa sawasawa. Sisi sote tulijua, wewe mwenyewe ulijua, ila yeye hakujua, na sasa anajua.

Nesi alimpeleka kwa mtaalamu wa masikio pale hospitali anapofanya kazi. Alifungiwa kwenye kichumba cha kioo, akavalishwa visikilizio, akaambiwa ainue mkono kila akisikia mlio. Nesi aliniambia kwa milio ya juu alikaa mle mkono ukiwa pajani, anatabasamu kwa adabu, anasubiri waanze. Tulipewa habari kwamba sauti za juu zimekwenda, za kati zinapotoka, za chini zimebaki lakini nazo hazitakaa. Akapewa kile kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa siku chache akakitupa kwenye droo ya misumari, akisema maneno anayapata kidogo lakini muziki wote unasikika kama vijiko ndani ya kopo.

Aliniomba nikupigie simu kwa niaba yake, kwa kuwa yeye simu haimfai tena. Nilikupigia. Nilikuambia Baba ana maneno, ukasema maneno yake uliyasikia yakakutosha. Sikulaumu. Niliporudi chumbani alikuwa amekaa wima anasubiri, ameshavaa miwani kana kwamba jibu lako angelisoma. Nilimwandikia kwenye ubao tunaozungumzia naye siku hizi kwamba hukupatikana. Akasema nijaribu tena kesho. Alisema hivyo kesho yake na kesho kutwa yake, halafu akaacha kusema, akachukua karatasi za mistari akaanza kupanga muziki.

Unajua jinsi anavyoabudu muziki ule wa zamani. Bado anapenda kutueleza, kama vile hatujawahi kusikia, kwamba watu wa karne zile walitunga sauti nne bila kuandika ni ala gani ipige nini, hivyo kila mwenye pumzi ana ruhusa. Alichukua wimbo ule ule wa horini, ule wa siku ile, akaupanga upya toka mwanzo. Alikaa nao mwezi mzima, akifuta zaidi ya anavyoandika. Alipomaliza akatuita, akagawa karatasi. Posta akatazama yake, akageuza nyuma, akatazama tena mbele, akauliza kwa heshima kama karatasi yake imekamilika. Alikuwa amepewa noti ndefu tupu, juu kabisa, kama mtu aliyewekwa kushika taa. Nesi na mimi hatukuwa na nafuu kubwa. Wimbo wenyewe, Mama, wimbo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, aliushusha akaupa basuni.

Nilielewa kabla hajaeleza. Chini ndipo mahali pekee alipokuwa bado anaweza kusikia. Alichukua kitu anachokipenda kuliko vyote akakihamishia kwenye chumba pekee ambacho taa yake ilikuwa haijazimwa. Nesi akamwandikia ubaoni akimuuliza nani atapiga basuni. Akajibu, kwa sauti ile ya kupasua ukuta, kwamba mwenye basuni yake atapiga.

Hapo ndipo nilipokupigia ile mara ya mwisho, nikakuuliza kama utakuja Krismasi. Sikukuambia kuhusu wimbo kwa kuwa nilitaka uje kwa hiari, si kwa kumwonea huruma mtu. Ulisema goti haliwezi safari. Nilikubali hilo goti lako. Hata mimi nina magoti ya namna hiyo ninapotaka.

Basi nikaifungua mimi ile basuni uliyoiacha. Nisamehe kwa kutokuomba ruhusa. Nilibadilisha pedi zote kwa kuwa zilikuwa zimekauka, nikatia mafuta, nikakaza nyuzi za maungio. Kisha nikaanza kujifunza, mwanamke mzima, nikitoa milio ya ng'ombe aliyekwama tope, na fundi wa bodi za magari akaja getini, yeye sasa, kuniomba nipunguze kelele. Sijawahi kukuheshimu kama nilivyokuheshimu miezi ile. Kidole gumba kimoja kina kazi ya vidole vyote vya klarineti.

Lakini vidole vingejifunza. Kilichonishinda ni pumzi. Wewe unajua desturi ya Baba, kwamba kila anayempangia muziki anamwekea alama za kuvuta pumzi kulingana na mapafu yake. Karatasi za Posta zina mikato mpaka zinaonekana zimenyeshewa mvua, kwa sababu ya ile pumu yake. Nesi anawekewa michache, maana anabana pumzi kama mpiga mbizi. Mimi niko katikati. Wewe hakuwahi kukuwekea hata mmoja, alisema utavuta unapotaka, na hakuna atakayejua ni wapi. Karatasi hii ya basuni nayo haikuwa na mkato hata mmoja. Nilimwendea nikamwomba aniwekee, kwa sababu nakatika katikati ya wimbo na kuuvunja. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akanirudishia, akasema ile si karatasi yangu.

Iliniuma, Mama, siwezi kukuficha. Niliondoka nikajiwekea mikato yangu kwa penseli.

Mwanzoni mwa mazoezi alikuwa akisikia, na nitaapa popote kwamba alikuwa akisikia. Nilipoishika noti ile ya chini kabisa, alikuwa akiinua kidevu hivi, na mkono wake ukianza kwenda na mapigo. Mara moja alisema pale umechelewa, na kweli nilikuwa nimechelewa. Nilifurahi kukosolewa kama mtoto aliyepewa zawadi. Kadiri Desemba ilivyosogea alizidi kunyamaza, nami nikajiambia ameridhika. Mtu akitaka kujidanganya hakosi vifaa.

Siku ya Krismasi tulipiga hospitalini, wodi ile ya wagonjwa wa muda mrefu anakofanya kazi Nesi. Aliomba nafasi asubuhi, baada ya dawa na kabla ya chakula. Waliolazwa karibu na mlango waligeuziwa vitanda, waliobaki walisikiliza walivyo. Ukutani kulikuwa na nyota ya karatasi iliyokatwa kutoka kwenye boksi la glovu, maandishi ya boksi bado yanasomeka. Stendi zetu hazikutosha, hivyo Nesi alileta stendi ya dripu, akazitundika karatasi za Posta kwa vibanio vya nguo, na Posta akapiga akiinua kichwa kama anayesoma saa ya stesheni. Mgonjwa mmoja mzee aliuliza kama anatiwa maji au anatiwa nyimbo. Watu walicheka. Ilianza vizuri, nakuambia.

Baba tulimweka kiti cha mbele, karibu na mimi kiasi kwamba basuni ilikuwa nusura imguse bega. Alivaa ile suti ya kahawia. Aliniangalia, akaiangalia basuni, akaitikia kwa kichwa kwamba yuko tayari, akafumba macho.

Tukapiga. Tulipiga wimbo wote, Mama. Filimbi ikashika taa yake, obo na klarineti zikapita katikati. Klarineti aliipiga mwanafunzi wa uuguzi aliyeletwa na Nesi, na alijitahidi. Mimi nikaubeba wimbo wako kule chini. Nilikatika pumzi penye kila mkato wa penseli na mahali pengine ambapo sikuwa nimeweka mkato, lakini niliufikisha. Kuna mama mmoja kitanda cha dirishani alikuwa akilia bila kujificha. Tulipomaliza ile noti ya mwisho, walipiga makofi, hata wale wenye sindano mkononi waligonga vyuma vya kitanda.

Baba alikuwa bado amefumba macho. Tulishusha ala, makofi yakapungua, yakaisha, watu wakaanza kutazamana. Alikaa vile vile, mikono magotini, uso umetulia, anasubiri kwa subira ya mtu anayejua kwamba kitu kizuri kinakuja. Kisha akafumbua jicho moja, akanigeukia, akaniuliza kwa ile sauti yake inayosikika barabarani, kwamba mbona hatuanzi.

Nesi alijifanya anarekebisha shuka la mtu. Mimi sijui nilifanya nini kwa uso wangu, lakini aliutazama, kama alivyoutazama siku ile ya uma, halafu akatazama jasho kwenye shingo ya Posta, na tete langu lililolowa, na watu waliokuwa wamemkodolea macho. Akaelewa. Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akawashukuru wagonjwa kwa utulivu wao, akawatakia Krismasi njema. Alitembea hadi nyumbani mbele yetu na hakukubali kushikwa mkono.

Tangu siku hiyo hajapanga kitu. Kalamu zake amezichonga zote zikawa kali, amezipanga mezani, hazigusi. Anachonga matete tu, matete ambayo hakuna wa kuyapuliza, mpaka yamejaa kwenye bakuli la sukari. Yapo mazuri, hicho ndicho kinachonichoma zaidi. Mikono yake haijasahau hata kidogo.

Kwa hiyo siandiki kukuomba urudi kwa ajili yake. Ningekuomba kabla ya Krismasi kama ningejua, na wewe ungekuja, naamini ungekuja hata kwa kulivuta hilo goti. Sasa hata ukija ukakaa pale kitini na kupiga kama ulivyokuwa ukipiga, yeye ataona vidole vyako tu. Kitu cha mwisho alichoweza kusikia katika dunia hii kilikuwa sauti ya ala yako, na alichopewa ni mimi, nakatikakatika. Sisemi hivi kukulaumu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo, na hakuna mwingine wa kumwambia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike. Nimelizungushazungusha, umeona. Chiriku akiishiwa maneno ujue kuna jambo.

Wiki chache baada ya Krismasi tulikutana chumba cha nyuma, sisi watatu, mimi nimerudi kwenye klarineti yangu, tupige chochote kile cha kale ili tusiachane vibaya. Baba alikuwa mbele karakanani na matete yake. Tulipoanza nikasikia filimbi iko juu. Nikamwambia Posta, ashushe kidogo. Akavuta kichwa cha filimbi, akashusha. Tukaanza tena. Bado iko juu. Nikamwambia tena, akavuta tena. Mara ya tatu nikamkaripia, Mama. Nilimwambia mtu mwenye umri wa kunizaa kwamba kama hasikii basi aseme, tusipotezeane muda. Posta aliishusha filimbi mapajani, akamtazama Nesi. Nesi naye akamtazama. Safari hii Nesi hakufungua mdomo.

Ninaujua mtazamo ule. Nilikuwa nao mimi mwenyewe siku ile, nikimtazama Nesi juu ya kichwa cha Baba.

Nesi alitoa kile kimashine kidogo cha kupimia sauti, akakiweka juu ya kiti, akamwomba Posta airudishe filimbi kama ilivyokuwa mwanzo kabisa, apulize. Mshale ukasimama katikati. Ulisimama katikati bila kutikisika. Nilikwenda mezani kwa Baba nikauchukua uma. Nikaugonga kwenye goti, nikausogeza sikio la kulia, nikausogeza la kushoto. Zilikuwa noti mbili.

Tangu hapo nami nimeshakwenda kukaa kwenye kile kichumba cha kioo. Mtaalamu ni yule yule, ana faili la Baba, na alipoona ubini wangu aliacha kuandika akanitazama. Aliniambia kwa upole kwamba hii huenda katika familia, kwamba mimi imeniwahi mapema kuliko Baba, kwamba njia itakuwa ile ile na dawa hakuna. Juu kwanza, kisha katikati, kisha chini. Nilimshukuru, nikarudi kufungua karakana. Kuna obo ya mteja ipo hapa mbele yangu, nimeshaitia pedi, lakini siwezi kuipima, kwa kuwa sijui nimwamini nani. Nitamwomba Nesi aje aisikilize. Baba sijamwambia. Jana alinipa tete jipya la basuni, akasema ni zuri, akataka nilijaribu. Nililipuliza mbele yake. Kwenye noti za chini bado nasikia vizuri, Mama, masikio yote mawili yanakubaliana. Huko chini kote bado hakujaharibika.

Usiku huu sitalala kwa kuwaza utaipokeaje habari hii, kwa hiyo usijilazimishe kunijibu haraka. Wala sikuombi umsamehe Baba. Hilo ni lenu wawili, na yeye hata ukimsamehe itabidi umwandikie ubaoni. Ila nimeifuta ile mikato yangu ya penseli. Karatasi ya basuni iko safi kama alivyoiandika, ipo ndani ya sanduku pamoja na tete hilo jipya. Kama goti litaruhusu siku moja, njoo unipigie huo wimbo, ningali nasikia. Na kama utakaa tupige pamoja, basi kuna kitu nakuomba unipe kabla. Itafika siku nitakusimamisha katikati ya wimbo, nitakuambia kwa ukali, mbele ya watu, kwamba uko chini. Nisamehe leo, Mama, kwa sababu siku hiyo nitakuwa na uhakika kabisa.

Nisalimie sana Mama Mkubwa, mwambie akubali tu kununuliwa redio nyingine, anyanyue sauti mpaka mwisho, asiwajali majirani. Posta anakusalimu, anasema filimbi ipo lakini miguu inagoma. Nesi anakusalimu na kukuuliza hali ya goti, na anakusisitiza ulinyanyue unapokaa. Baba hajui kama nakuandikia, lakini amepita hapa mara mbili akatazama mkono wangu unavyokwenda, na mara ya pili aliniwekea kikombe cha chai karibu, kwa hiyo huenda anajua.

Ubaki salama.

Ni mimi mwanao,
Chiriku